Folda ya Mwisho: Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Vijana wa Tanga, Makabila Yao na Wanachosikiliza

Nina miaka kumi na moja kwenye kibanda hapa Ngamiani, Tanga mjini. Kompyuta moja, spika mbili, printa inayogoma mvua ikinyesha, na kibao kilichoandikwa TUNARUSHA NYIMBO NA MUVI. Bando limetupunguzia wateja, lakini fleshi za bodaboda na memori za vitochi bado zinakuja, na maswali yanakuja nazo. Wanafunzi wa chuo huja na dodoso, watangazaji huja na haraka zao, wazazi huja na malalamiko. Wote wanazunguka jambo moja: kijana wa Kisambaa, wa Kidigo au wa Kizigua anachagua vipi cha kutazama na cha kusikiliza, na kabila lake limo humo au halimo? Nimechoka kurudia, basi nimeyaandika. Wateja huniita Mgosi, na wewe niite hivyo hivyo.

Je, kabila ndilo linaloamua kijana wa Tanga asikilize nini?

Ukikaa hapa siku moja utasema hapana. Ukikaa mwaka utaanza kusitasita.

Chukua fleshi ya bodaboda yeyote, ichomeke kwenye kompyuta. Folda ya kwanza singeli. Ya pili Bongo Fleva. Ya tatu mawaidha au mahubiri, inategemea Ijumaa na Jumapili yuko wapi. Ya nne muvi iliyotafsiriwa ambayo hajaimaliza tangu mwezi wa Ramadhani. Hadi hapo huwezi kujua fleshi ni ya nani. Ukiibadilisha na ya mwenzake kijiweni, hakuna atakayelalamika. Sasa shuka mpaka chini kabisa. Kuna folda moja imeandikwa "Kwetu", au "Bi Mkubwa", au haina jina la maana. Ndani mna nyimbo nane au tisa zilizorekodiwa kwa simu kwenye harusi ya kijijini, Mlola au Mwakijembe, ngoma inakoroma, mtoto analia katikati, mtu anapita mbele ya kamera.

Memori ikijaa, mteja huja kupunguza. Nimesikia maneno yale yale mara nyingi mno: "Mgosi, futa hizo zote uweke mpya. Ile ya chini usiiguse."

Basi jibu langu ndilo hilo. Kusikiliza, vijana wa Tanga wanasikiliza karibu sawa. Kabila linaonekana kwenye kile wanachokataa kukifuta.

Tanga kuna makabila gani hasa? Mimi ni mgeni.

Karibu. Kwa haraka: Wadigo na Wasegeju wako Mkinga kuelekea mpaka wa Kenya, Wabondei Muheza, Wasambaa milimani Lushoto, Bumbuli na Korogwe ya juu, Wazigua Handeni na Korogwe ya chini, Wanguu Kilindi. Mwambaoni kuna Waswahili wenyewe na Kimtang'ata chao. Mjini wamo Waarabu, Wahindi, Wapare, na Wamasai utakaowakuta mlangoni pa maduka usiku.

Halafu kuna mkonge. Tangu Richard Hindorf alete miche mwaka 1893, mashamba yalivuta watu kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Burundi, waliokuwa wakiitwa manamba. Wajukuu wao wapo, na ukimwuliza mmoja wao kabila atakujibu "la baba au la hapa?"

Ukitaka idadi ya kila kabila hutaipata. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Ile ya 2022 imetuhesabu watu 2,615,597 katika mkoa mzima, na wote tumeandikwa Watanzania.

Kwa nini hatuna redio za lugha za makabila kama Kenya?

Hili huulizwa zaidi na vijana wa Mkinga, maana wao wanazisikia. Ukiwa Horohoro, pale mpakani, ukipandisha antena kidogo, unanasa vituo vya pwani ya Kenya vinavyotangaza kwa lugha za Mijikenda, na Kidigo ni mojawapo. Kwa wenzetu mambo hayo yalishamiri tangu Kameme FM ianze kurusha kwa Kikikuyu mwaka 2000.

Kwetu njia ilikuwa nyingine, na ilianza mapema kuliko watu wanavyodhani. Gazeti la Kiongozi lilianza kuchapwa hapa hapa Tanga mwaka 1904, wakati wa Mjerumani, kwenye shule ya serikali, kwa Kiswahili. Baadaye Redio Tanzania ikashika Kiswahili nchi nzima. Redio na televisheni za watu binafsi ziliporuhusiwa kwa sheria ya 1993 na kuanza kuonekana 1994, kanuni ziliendelea kudai Kiswahili au Kiingereza, lugha nyingine mpaka upate ruhusa ya wenye mamlaka. Msambaa hana kituo cha Kisambaa, Mchaga hana cha Kichaga, wala hakuna anayeweza kusema kaonewa peke yake.

Na kuna hofu yenye sababu. Redio RTLM ya Rwanda mwaka 1994 ilitumia maikrofoni kuua watu, na hukumu ya wanahabari wale ilisomwa Arusha, Desemba 2003, si mbali na sisi. Huko Kenya, mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa mahakama ya kimataifa, The Hague, kwa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ingawa kesi yake ilifutwa Aprili 2016. Mzee mmoja wa mtaani kwangu hukata maneno hivi: "Redio ya kabila ni kisu. Kinamenya chungwa, na kinafanya mengine."

Mimi naona tumelipia amani hiyo kwa bei fulani, na bei yenyewe ni hizo nyimbo nane zinazokoroma kwenye folda ya mwisho. Hakuna studio iliyozirekodi vizuri kwa sababu hakuna mahali pa kuzipiga.

Kama redioni hazipiti, lugha za makabila zinapita wapi?

WhatsApp. Hapa ndipo mtafiti angepaswa kuanzia, na wengi huishia kuuliza "unasikiliza redio gani?"

Kila ukoo una grupu. Grupu la ukoo wa Kizigua lina watu Handeni, Mkata, Mbagala, na shangazi mmoja Muscat. Mambo ya michango ya msiba yanaandikwa kwa Kiswahili, kwa kuwa namba za simu na hesabu hazitaki utata. Utani unarekodiwa kwa sauti, kwa Kizigua. Nimeliona hili sana: kuandika ni Kiswahili, kusema ni lugha ya nyumbani. Sababu si fumbo. Shuleni hatukufundishwa kuandika Kizigua, kwa hiyo kidole hakijui njia, ila mdomo unaijua. Sauti za WhatsApp zimefanya kazi ambayo kalamu haikuifanya.

Pili, video za harusi na ngoma. Mpiga video wa Lushoto akimaliza kazi hukata kipande cha dakika mbili, akina mama wanacheza mdumange, ngoma ya Kisambaa, anakipandisha YouTube, na jioni ile ile kimefika kwa binti anayefanya kazi za ndani Dar es Salaam. Yeye anakiweka stetasi bila maneno yoyote. Wenzake wa kule kazini wanaona kanga zinazunguka tu. Yeye anamwona mama yake mdogo, wa tatu kutoka kushoto.

Tatu, na hili lilinishangaza mimi mwenyewe. Kuna Wazigua wa Somalia. Ni wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka huku karne ya 19, wakafikishwa bonde la mto Juba, na lugha hawakuiacha. Vita vilipowatoa Somalia, baadhi walirudi Tanga na kupewa makazi Chogo, Handeni. Wengine walipelekwa Marekani kuanzia 2003, pamoja na Wabantu wengine wa Somalia. Leo vijana wao wa kule wanaweka mtandaoni nyimbo na mazungumzo kwa Kizigua. Kijana mmoja wa Handeni alinionyesha kipande hapa kibandani, watu wamevaa makoti mazito, theluji imejaa nyuma yao, wanaongea kama bibi yake. Alikirudia mara nne. "Mgosi, hawa wananiongelesha mimi," aliniambia. Hajawahi kuniambia hivyo kuhusu redio yoyote.

Wataalamu wanasemaje? Nahitaji kitu cha kuweka kwenye ripoti yangu.

Nilijua utafika. Wanafunzi wanaokuja na dodoso wamenisomesha bure, basi nakurudishia.

Elihu Katz, Jay Blumler na Michael Gurevitch, katika miaka ya 1970, waligeuza swali la zamani. Badala ya kuuliza redio inawafanya nini watu, wao wakauliza watu wanaitaka ya nini. Kabla ya miaka kumi kwisha, Henri Tajfel na John Turner wakaeleza, mwaka 1979, kwamba sehemu ya heshima ya mtu inatoka kwenye kundi lake, kwa hiyo hupenda kuona kundi hilo likisimama vizuri mbele ya mengine. Unganisha hayo mawili, unapata kijana anayetafuta kwenye skrini mtu anayefanana naye akiwa hajachekwa.

Jean Phinney, Mmarekani, alitoa mwaka 1992 kipimo cha kuwauliza vijana wanajiona kiasi gani ni wa kabila au asili yao. Hili ni muhimu kwa sababu kuwa wa kabila ni jambo moja, na kulibeba kabila ni jingine. Osei Appiah, katika tafiti zake za huko huko Marekani, alikuta hivyo: vijana weusi hawakuvutwa sawasawa na matangazo na tovuti zilizolengwa kwao. Waliovutwa zaidi ni wale waliojitambulisha kwa nguvu na asili yao.

Utafiti ninaoupenda ni wa 2008, wa Silvia Knobloch-Westerwick, Appiah huyo huyo na Scott Alter. Waliwapa watu habari za mtandaoni, nyingine zina watu weusi, nyingine weupe, wakapima kila mmoja anafungua nini na anakaa muda gani. Wasomaji weusi walielemea habari zenye weusi. Weupe hawakuonyesha kuchagua kwa rangi.

Ile ni rangi, na ni Marekani, usiibandike Tanga kama stempu. Ila sababu yake naiona kila siku. Mtoto wa Ngamiani aliyezaliwa na Kiswahili, redio zote ni za kwake, tamthilia zote ni za kwake, hata za Kituruki zinatafsiriwa kwa lugha yake. Atakuambia yeye hana habari na kabila, na hasemi uongo. Samaki hana habari na maji. Sasa mchukue Mdhaiso wa Bwiti, kule Mkinga, ambaye lugha yake iko karibu na Kikamba kuliko Kidigo cha jirani zake, na wasemaji wake ni wachache. Huyo akisikia maneno matatu ya kwao kwenye simu ya mtu stendi, anageuka shingo yote.

Mbona nikiwauliza vijana kabila lao wananijibu "mimi wa Tanga tu"?

Kwa sababu swali lako lina harufu ya ofisi. Na pia kwa sababu ni kweli.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909, asili ya ukoo wake ikitajwa kuwa ya Wayao, na hakuna Mtanga aliyewahi kumwuliza kabila kabla ya kujivunia Kiswahili chake. Watu wa hapa wamezoea kuvaa utambulisho wa mji juu ya ule wa ukoo, kama kanzu juu ya shati. Shati lipo, ila huombwi ulionyeshe.

Ukitaka kuliona, angalia neno "mgosi". Ni neno la Wazigua na Wabondei, mwanamume, na Wasambaa wanalo la kwao linalokaribiana nalo. Mtaani limekuwa salamu ya kila mtu wa Tanga, hata Mmakonde. Coastal Union, mabingwa wa ligi ya bara mwaka 1988, wanaitwa Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana wawili wa hapa, Mkoloni na Dokta John, walilichukua jina hilo hilo wakaingia nalo kwenye Bongo Fleva, na walirap kwa lafudhi ya Tanga bila kuiosha. Kabla yao, kijana wa Tanga akienda Dar alikuwa anaficha lafudhi. Baada yao alianza kuitumia kuchekesha na kutamba. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka kaka zangu walivyokuwa wanarudisha kaseti nyuma kwa kalamu, betri zisiishe.

Hapo ndipo kabila lilipopata tundu la kupenyea. Halikuja kama Usambaa au Uzigua. Lilikuja kama Utanga, na kila kabila likachukua kipande chake.

Vipi baikoko? Ndiyo utamaduni wa vijana wa Tanga?

Swali hili huletwa na watu wa Dar wakiwa wanatabasamu.

Baikoko ni ngoma ya huku, ina mizizi ya Kidigo, na ilikuwa ya wanawake kwenye shughuli zao. Ilipotolewa uani ikapelekwa jukwaani na kwenye DVD, kilichobaki ni kiuno, na wakubwa wakaipigia kelele kwa haki. Nimewahi kuziuza hizo DVD, sitajifanya mtakatifu. Wanunuzi wengi walikuwa wapita njia wa mabasi. Vijana wa Kidigo wenyewe walikuwa wanaona haya kuziomba, na mmoja alinitukana kabisa: "Unauza shangazi zangu?"

Ukitafuta kwenye simu zao ngoma ya Kidigo wanayoihifadhi, utakuta sengenya mara nyingi zaidi. Baikoko wanaijua. Hawaiweki folda ya mwisho.

Dini na kabila, ipi ina nguvu zaidi?

Dini, kwa kila siku. Kaswida na kwaya zimejaa kwenye simu za mabinti kuliko kitu chochote chenye kabila. Na dini inapita katikati ya makabila: Mbondei wa kanisa la Magila na Mbondei wa maulidi wana folda tofauti kabisa juu, halafu ile ya chini inafanana.

Kijana asiyejua lugha ya kwao anaweza kupenda nyimbo zake?

Anaweza, na si za kwao tu. Saida Karoli aliimba kwa Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na nchi nzima ikacheza, Kihaya hawakijui. Mr. Ebbo aliibeba sauti ya Kimasai akaifanya ya kila mtu. Alikuwa na studio hapa hapa Tanga, Motika Records, hadi alipofariki mwaka 2011.

Ila kuna tofauti ya kucheza na kuhifadhi. Nikupe kisa. Kuna mlinzi wa Kimasai alikuwa analinda duka la jirani, alikuja jioni moja na kitochi.

"Mgosi, niwekee za kwetu."
"Za kwenu zipi, ndugu yangu? Nina za Arusha na za Kilindi."
Akacheka. "Za Arusha weka za kuchezea. Za Kilindi weka za kulalia."

Pembeni alikuwa amekaa kijana wa Kidigo anasubiri muvi. Akasikiliza zile za Kilindi, vijana wanaimba kwa koo bila ala yoyote, akaomba naye arushiwe. Wiki ya pili alirudi kupunguza memori. Za Kimasai alizifuta bila kusita, za mwanzo kabisa. Alizipenda kweli, ila hazikuwa na mtu ndani yake.

Mtoto asiyejua lugha lakini anamjua anayeimba, huyo anahifadhi. Akina mama huja kwangu na simu za mabinti zao: "Huyu mtoto hataki Kibondei, niwekee anyooke." Mama yangu, nyimbo za mtu asiyemfahamu hazimnyooshi. Mrekodi bibi yake akisimulia, hata dakika tano, ataiweka.

Na watoto wa ndoa mchanganyiko?

Folda mbili. Ya upande wa mama huwa kubwa zaidi, kwa sababu wanaorekodi ni mashangazi na mama wadogo.

TikTok na YouTube zinajua kabila langu?

Haziulizi, na hazihitaji. Zinafuata ulichotazama hadi mwisho na ulichokirudia. Ukikaa kwenye mdumange dakika mbili mara tatu, zitakuletea ngoma nyingine ya mlimani, na pengine ya Kikamba, maana mashine inasikia ngoma, haisikii ukoo. Tatizo la lugha ndogo ni jina. Mtu anapandisha video ameiandika "harusi ya dada Lushoto", haina neno Kisambaa wala mdumange, basi haipatikani kwa kuitafuta. Inapatikana kwa kutumiwa na mtu. Unayepandisha, andika jina la ngoma, la kijiji na la lugha. Ni maneno matatu tu na hayali bando.

Mimi ni mtangazaji. Nifanye nini nivute vijana wa Kisambaa au wa Kidigo?

Kwanza acha kuigiza lafudhi yao. Niliwahi kusikia kwenye kituo kimoja, sitakitaja, mtangazaji akimwigiza Msambaa muuza karoti kwa dakika kumi nzima. Kibandani kwangu walikuwepo vijana watatu wa Lushoto. Hakuna aliyesema kitu. Mmoja alinyoosha mkono akazungusha kitufe, tukahamia taarabu. Mtangazaji yule hatajua kamwe alipoteza wasikilizaji watatu saa ngapi.

Pili, taja mahali. Mwambao FM wana bahati kwamba jina lenyewe limeshataja. Kijana wa Maramba akisikia Maramba hewani, anaongeza sauti. Salamu zipeleke Mnazi, Mtae, Moa, Kwediboma, na uzitamke sawasawa. Kanuni zinakutaka utangaze kwa Kiswahili, hazikukatazi kuwa na Kiswahili cha mahali. "Onga mahundo" ya asubuhi, salamu ya Kisambaa, kabla ya salamu zako nyingine haitamdhuru mtu.

Tatu, usiwaite kwenye kipindi cha "utamaduni" tu, Jumapili saa kumi, na marimba nyuma. Waite kwenye mpira. Waite kwenye bei ya machungwa ya Muheza. Kabila lao litakuja lenyewe, kwenye namna wanavyocheka.

Haya yote hayaleti ukabila?

Yanaweza. Sauti ile ile ya WhatsApp inayobeba utani wa Kizigua inaweza kubeba uzushi. Kwenye migogoro ya wakulima na wafugaji huko Kilindi na Handeni, simu hufika kabla ya polisi, na sauti ya mtu unayemjua, kwa lugha unayoiamini, huna mazoea ya kuihoji. Hapo ndipo hatari ilipo, kwamba lugha ya nyumbani inapunguza mashaka. Tangazo la redio tunalibishia, mjomba hatumbishii.

Kisheria, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa taarifa za uongo na matusi ya ubaguzi, na aliyesambaza hayuko salama kuliko aliyetunga. Mimi kibandani nina kanuni yangu ndogo: sirushi sauti yoyote inayotaja kabila na neno "wao" kwenye sentensi moja, mpaka niisikie yote. Nimewahi kukosa wateja kwa hilo. Walirudi.

Nina kaseti za bibi akiimba, za Kizigua. Unaweza kunihamishia kwenye fleshi?

Naweza. Zilete mchana, usiku umeme una mambo yake. Usizichezeshe kwanza kwenye redio ya zamani "kujaribu", ikiwa chafu ndani inakula utepe. Kama zimekaa muda mrefu bila kuguswa, zizungushe kwa kalamu mbele mpaka mwisho na kurudi, polepole, ndipo uzilete. Sikati makelele ya nyuma, hata ukiniomba. Kaseti ya mwisho niliyohamisha, mwenyewe alitaka niondoe jogoo anayewika katikati ya wimbo. Nilimwekea zote mbili, yenye jogoo na isiyo na jogoo. Baada ya mwezi alirudi kuongeza nafasi kwenye memori, nikaona amebaki na yenye jogoo.